Nambari Niliyoigongea Bloku ya Babu

Naikumbuka ile Ijumaa, mwanangu, kama naiona: nimechuchumaa katika gereji ya Darsait, hapa Maskati, nyundo mkononi, naigongea bloku ya injini nambari ambayo si yake. Nimeanza na upuuzi wangu makusudi, ili usipoteze wakati kumtafuta mpumbavu katika khabari hii. Ndiye mimi. Sasa tuendelee kwa raha.

Na kabla hujauliza: ndiyo, nna miaka kumi na saba, na kesho nna mtihani wa fizikia ambao sijaufungulia kitabu. Lakini nakuita mwanangu kwa sababu katika mambo ya bloku za gari kongwe za Kimarekani mimi nimeshazeeka. Nimezeeka ndani ya mwezi mmoja. Ukiwa umenizidi umri, vumilia tu. Ukimaliza kusoma utaniamkia mwenyewe.

Babu yangu, baba yake Mama, ana gari ya Kimarekani ya mwaka sitini na tisa, silinda nane, ndefu hata ukiiegesha mbele ya nyumba yetu boneti inamsalimia jirani. Aliinunua ikiwa imeshatumika, alipopata kazi yake ya mwanzo hapa Maskati. Mama alipelekwa skuli ndani ya gari hiyo. Bibi alipelekwa hospitali kuzaa ndani ya gari hiyo, na wajomba zangu wawili wanagombana mpaka leo nani kati yao alikaribia kuzaliwa kiti cha nyuma. Sisi wajukuu ruhusa yetu ni kuifuta vumbi, na hata hapo Babu anasimama pembeni anatuangalia kama tunamnyoa yeye.

Mwezi wa tisa, jua la kukaanga yai, Babu akaipandisha mlima wa Amerat, mimi kando yake. Nusu ya mlima ukasikika mlio kama mtu kavunja sahani, na mvuke ukatoka hata hatuoni barabara. Bloku, kile chuma kikubwa kinachobeba silinda zote, ilikuwa imepasuka, ufa kutoka juu mpaka chini, urefu wa kiganja changu. Fundi Mutua aliuangalia kwa tochi, akauangalia tena, akavua kofia. Nikajua hapa pana maiti.

Fundi Mutua ni Mkenya wa Machakos, makanika wa injini za zamani. Hapa mjini wenye gari kongwe wanamngojea kama watu wanavyomngojea daktari bingwa. Baada ya siku kumi akapata bloku nyengine kwa muuza vyuma wa Wadi Kabir, saizi ile ile, tupu bila ya kitu ndani, imejaa kutu ya juu juu tu. Akamwambia Babu, "Mzee, hii ni nzuri. Nitaijenga. Lakini injini ikibadilishwa lazima gari ipelekwe ikaguliwe, iandikwe kwa mulkiya. Karatasi ya kazi naandika mimi." Mulkiya ndiyo kadi ya gari, mwanangu, na bila ya hiyo gari yako ni pambo la uani.

Ijumaa hapa ndiyo siku ya mapumziko, kwa hivyo hata Wakristo wanakwenda kanisani Ijumaa. Fundi alikuwa anakwenda Ruwi na suruali yake iliyopigwa pasi, akanikabidhi ufunguo wa gereji.

"Sele, sugua hiyo bloku na brashi ya waya, halafu upake rangi. Pale mbele kwa ubapa, pitisha kitambaa tu. Brashi isiguse. Na usifanye kitu kingine."

"Kitu gani kingine, Fundi?"

"Sijui. Wewe ndio unajuaga vitu vyako."

Ubapa wenyewe uko mbele ya bloku, upande wa kulia, chini kidogo ya pale silinda hedi inapokaa. Upana wake vidole viwili. Kwenye ile bloku yetu iliyopasuka, hapo palikuwa na nambari nyingi zimegongwa, na nyengine katika hizo zilikuwa zinalingana na nambari ya chesi iliyo chini ya kioo cha mbele. Kwenye bloku hii mpya iliyo kongwe, palikuwa na herufi mbili na tarakimu chache, kisha patupu. Peupe. Nambari ya gari hakuna.

Mimi nilikuwa nimeshatazama video sita katika simu, kwa hivyo nilikuwa mtaalamu. Video zote sita zilisema gari kongwe ambayo nambari ya injini inalingana na ya chesi ndiyo yenye heshima kamili. Nikaiangalia ile bloku nikaionea huruma, masikini, imekuja kwetu haina jina. Katika kisanduku cha Fundi mlikuwa na zile pini za chuma zenye tarakimu nchani, unaiweka pini unaipiga nyundo, alama inabaki. Nikasema, Babu atakuja kufungua boneti siku ya ukaguzi, aione nambari ya gari yake imekaa pale pale ilipokuwa, alie kwa furaha. Nikapiga. Kila tarakimu pigo moja. Ya nne ilipinda kidogo, nikasema inaleta ukale. Nikapaka rangi ya machungwa juu yake, nzito, ili siri isionekane mpaka ifutwe siku hiyo, nikaenda zangu nyumbani kuoga kwa ajili ya sala, na katika hotuba nzima nilikuwa natabasamu. Watu walifikiri nimeguswa.

Wiki mbili injini ikajengwa, ikaingia, ikawaka. Sauti yake ilimfanya Babu afumbe macho. Jumanne baada ya Alasiri alikuja gereji na birika la kahawa na kibakuli cha halua, akaketi juu ya tairi na kanzu yake nyeupe, jambo ambalo Mama angeliona angezimia. Ukaguzi ulikuwa Alkhamisi.

"Haya Mutua," Babu akasema, "nieleze kitu kimoja. Chuma hiki ulikiokota kwa muuza skrepu. Umejuaje si cha gari ya wizi?"

Fundi akafurahi. Fundi yeyote ukimuuliza swali la namna hiyo anafurahi.

"Mzee, bloku iko na nambari mbili za kusoma. Ya kwanza iko nyuma, pale inashikana na giaboksi. Hiyo imevimba, ukipapasa na kidole unaisikia, kwa sababu ilitoka na chuma yenyewe ikimiminwa kwa kalibu. Hiyo hakuna mtu anaweza kuichezea. Inakuambia hii ni bloku gani, saizi gani. Kando yake kuna tarehe: herufi moja ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwaka. Ya pili iko mbele, hiyo imegongwa na mkono."

"Na hii yetu mbele inasemaje?"

"Hapo ndio tamu. Hii ni bloku ya kubadilishia, mzee. Zamani mtu akinunua gari mpya na injini iharibike kama bado iko na dhamana, kiwanda kilikuwa kinampatia bloku nyingine. Na hiyo hawakuigonga nambari ya gari, kwa sababu haikuzaliwa na gari yoyote. Waliweka zile herufi mbili na nambari ya hesabu yao, basi. Kwingine wakawacha wazi. Ule uwazi ndio ushahidi wake. Mwizi hawezi kuwacha mahali wazi, mwizi lazima ajaze." Akatoa karatasi mfukoni, akamwonesha Babu. "Nimeandika hapa: bloku ya kubadilishia, haina nambari ya gari. Nimeweka sahihi yangu."

Nikairudisha halua kibakulini, mwanangu. Haikulika tena.

Fikiri na wewe. Alkhamisi askari wa ukaguzi atasoma karatasi: haina nambari ya gari. Atafuta rangi: nambari ya gari hiyo hapo, mpya, inang'ara, moja imepinda. Pini zilizoigonga ziko kwenye kisanduku cha nani? Cha Fundi Mutua. Sahihi ya nani? Ya Fundi Mutua. Mimi ningeitwa mtoto, ningefokewa, ningekwenda kula. Yeye yuko katika nchi ya watu kwa kibali kilicho mkononi mwa mwenye gereji, na hakuna mwenye gereji atakayemweka mtu aliyeandikiwa kughushi nambari za injini. Angepanda ndege, na jina lake lingebaki hapa limechafuka kwa kazi ya nyundo yangu.

Usiku ule sikulala, na Jumatano nilikwenda skuli na karatasi ya msasa ndani ya mkoba. Ndiyo. Mpango wangu wa pili ulikuwa kuipiga msasa ile nambari iondoke. Lakini nikafungua simu, nikauliza, na jibu likanikata maini: ubapa uliopigwa msasa ndio kitu cha mwanzo anachokitafuta kila mkaguzi duniani, kwa sababu kiwandani ubapa unabaki na mistari midogo midogo ya mashine, na msasa unaila. Kwa hivyo ningekuwa nimeongeza kosa juu ya kosa, kwa bidii, na kwa msasa wa daraja zuri.

Alasiri nikamfuata Babu. Alikuwa barazani anakata kucha.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja."

"Suleimani, wewe ukinishikia moo mara mbili kwa siku moja huwa umevunja kitu. Asubuhi ulishaniamkia."

Nikamwambia. Mwanzo nilianza na utani, nikasema, Babu, unajua bloku yetu ilikuwa haina kitambulisho, basi mimi nimefanya kazi ya serikali. Hakucheka. Utani ukanifia mdomoni, nikasema yaliyobaki nimeangalia sakafu: ufunguo, pini, nyundo, rangi.

Babu akaweka kikata kucha chini.

"Kwa nini unanambia mimi?"

"Kwa sababu gari ni yako."

"Gari yangu, lakini karatasi ina jina la mtu mwengine. Mimi ni babu yako, ntakusamehe kabla hujamaliza kusema, na wewe unalijua hilo ndiyo maana umekuja kwangu. Nenda kamwambie yule ambaye hana sababu ya kukusamehe. Leo. Kisha kesho utasema tena, mbele ya askari, kwa mdomo wako. Mimi ntakaa pembeni."

"Na gari ikikataliwa?"

"Itakataliwa," akasema, akachukua tena kikata kucha chake. "Mimi nna miguu."

Mwanangu, nimeshafokewa na walimu, na wajomba, na mpishi wa harusi aliyenikuta na mkono ndani ya sufuria ya biriani. Hakuna fokeo lililoniingia kama hilo ambalo halikupandishwa sauti.

Fundi nilimkuta anafunga gereji. Nilisema yote kwa pumzi moja. Akafungua boneti, akachukua kitambaa chenye mafuta ya kuondolea rangi, akafuta ubapa. Nambari ikatokea. Akaiangalia kama mtu anayeangalia matapishi katika kiti cha gari mpya.

"Hii ya nne umeipindisha."

"Ndiyo, Fundi."

"Kwa hivyo hata kughushi hujui."

"Sijui, Fundi."

"Kijana, unajua hii ni nini? Hii ni tiketi yangu ya kurudi Machakos. Na si kwa likizo." Akanishika bega, akanipeleka nyuma ya injini, akaniwekea tochi mkononi. "Ingiza kichwa. Soma tarehe."

Nikajibana kati ya giaboksi na ule ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, shavu kwenye bomba. "Herufi J. Kumi na nne. Sifuri."

"J ni mwezi wa ngapi? Hesabu na vidole."

Nikahesabu. "Wa kumi."

"Na hiyo sifuri ni sabini. Ukiona tarakimu moja ya mwaka usikimbie, inaweza kuwa sitini, sabini au themanini. Ile nambari kubwa iliyovimba ndiyo inakuambia ni miaka ya lini. Gari ya mzee ilitoka kiwandani lini?"

"Sitini na tisa. Mwezi wa tatu."

"Sasa wewe umeandika kwamba hii gari ilitoka kiwandani na injini ambayo ilikuwa bado mchanga na chuma chakavu. Mtu yeyote anayejua kusoma nyuma angekucheka kabla hajakushika." Akazima tochi. Nilifikiri atanipiga. Akasema tu, "Kesho saa moja asubuhi uwe hapa. Vaa kanzu safi. Na usije na vichekesho vyako, aki ya Mungu, nitakufungia ndani ya buti."

Alkhamisi nilikuwa nimejitayarisha na Kiarabu cha kwenye taarifa ya khabari, kila neno na irabu zake. Tulipofika, kabla askari hajagusa boneti, nikasogea mbele nikaanza hotuba. Alikuwa mtu mzima wa makamo, kalamu sikioni. Alinisikiliza mpaka sentensi ya tatu, akamtazama Babu, akasikia Babu ananinong'oneza "polepole, we mtoto," akatabasamu.

"Sema Kiswahili, kijana. Mama yangu mimi wa Wete. Unachokisema nakijua, lakini hivyo unavyokisema unanichosha."

Nikasema Kiswahili, na katika Kiswahili hapana pahala pa kujificha. Nikasema: hii nambari nimeigonga mimi, Fundi alikuwa kanisani, karatasi yake ni ya kweli, uongo ni wangu. Akamuuliza Fundi maswali mawili. Akaenda nyuma mwenyewe na kioo kidogo na taa, akasoma tarehe. Akaja mbele, akaziangalia zile herufi mbili, akapapasa tarakimu zangu kwa ukucha. Mimi nilikuwa namwangalia Fundi. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Karatasi ya fundi iko sawa," askari akasema mwishowe. "Alichokiandika ndicho kilichokuwa. Hili la nambari ntaandika maelezo ya mtoto, na mzee utatia sahihi kama mlezi wake. Fundi hana jambo." Akamgeukia Babu. "Lakini bloku hii siiandiki, mzee. Samahani. Imeshasemewa uongo, na atakayekuja baada yangu hatamkuta huyu mtoto hapa kumweleza."

Fundi alitoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Jumatano.

Gari ikarudi Darsait juu ya winchi, lile lori la kubebea gari mbovu. Babu alikaa mbele na dereva, akawa anapiga soga kuhusu mvua, kana kwamba kila Alkhamisi anarudi nyumbani hivyo. Kila nilipomwangalia nilitamani anitukane.

Wiki tatu zilizofuata ndizo zilizonizeesha. Kila siku baada ya skuli nilikuwa na tochi, kioo cha mkono cha dada yangu na daftari, natambaa katika mayadi ya skrepu. Nimesoma bloku kumi na moja. Mbili saizi si zetu ijapokuwa muuzaji aliapa. Moja ubapa wake ulikuwa laini kama kioo, nikaipapasa, nikacheka peke yangu, nikaondoka. Ya kumi na mbili niliipata Hail, katika uwa wa bibi mmoja mjane, imebeba tangi la maji. Nyuma nambari iliyovimba ilikuwa ya kwetu, tarehe inakubali, na mbele palikuwa na nambari ya gari nyengine, gari ya marehemu mumewe, kamili na mistari ya mashine juu yake. Nikamuuliza kwa adabu kama anayo mulkiya ya zamani. Alikuwa nayo, ndani ya msahafu. Tukalinganisha tarakimu kwa tarakimu, na yeye na miwani yake. Zikakubali. Nikamjengea kitako cha matofali cha tangi lake kwa mikono yangu, Fundi akaijenga bloku, na askari yule yule akaiandika bila ya neno. Leo gari inapanda Amerat, na mimi nimepandishwa cheo: nafuta vumbi na vioo.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukitafuta bloku ya gari kongwe, anza nyuma. Papasa ile nambari iliyotoka na chuma, isome mara mbili, ipige picha, kisha soma tarehe na uiulize kama inawezekana. Mbele nenda mwisho, na uende na kitambaa, usiende na brashi wala msasa, wala usinitaje mimi. Ukikuta nambari ya gari nyengine, tafuta karatasi ya hiyo gari. Ukikuta patupu, usiogope, na usijaze. Kitu kinachokosa jambo kiache kikose mpaka ujue kwa nini kinakosa. Na ukishajaza, kwa sababu najua baadhi yenu mtajaza, usiende kwa mtu anayekupenda kutafuta nafuu. Nenda kwa yule ambaye jina lake ndilo litakaloungua, na uende kabla hajajua. Mungu akupe macho ya kusoma nyuma ya mambo, akupe fundi mkweli na babu mwenye subira, akuepushe na nyundo siku ambayo huna kazi nayo. Amin.

Alichosema Mama sijakwambia. Siku ile ya ukaguzi nilirudi nyumbani nimechoka, lakini kifua mbele. Babu alikuwa ameshampigia simu akamwambia mjukuu wake kasimama kama mwanamme, na Fundi Mutua mwenyewe alinipa mkono mlangoni mwa gereji. Nikaingia jikoni kuchukua zawadi yangu. Mama alikuwa anapakua wali, hakugeuka. Akasema:

"Wao wanakusifu umesema kweli. Mimi ningekusifu kama usingekuwa na la kusema. Haya, nawa mikono ule."